Dada kaambiwa apime jeni za saratani: mwenye bima analipa ngapi, asiye na bima ngapi?

#1 NdiziMshale (Ngaramtoni)

Wakuu salaam. Naomba mawazo, mwenye utani apite pembeni kidogo.

Dada yangu ana miaka 38, amegundulika na saratani ya titi mwezi wa pili. Mama yetu aliondoka na ugonjwa huohuo akiwa na 44. Mama mdogo naye alikufa kwa kilichoitwa "uvimbe wa tumbo", na miaka ile hakuna aliyeuliza zaidi. Daktari wa dada aliposikia hiyo historia akaweka kalamu chini, akasema hapa tupime jeni za BRCA, zile ambazo zikiwa na hitilafu saratani ya titi na ya mifuko ya mayai hutembea kwenye ukoo. Akaongeza kwamba hata mimi nijifikirie, nina mabinti wawili.

Sasa njoo kwenye bei. Mahali pa kwanza laki tisa, damu inasafirishwa nje. Pa pili milioni moja na laki sita, "kila kitu ndani". Wa tatu ni jamaa nilipewa namba yake, anasema dola mia mbili na hamsini, ila nilipe mtandaoni kwa kadi ya benki. Kipimo jina lilelile! Dada ana bima, anakatwa mshahara tangu 2011, na dirishani wamemjibu maneno mawili: "hakimo, mama".

Mwenye uzoefu aniambie mwenye bima analipa ngapi na asiye nayo ngapi. Nasikia Marekani asiye na bima ndiye analipa pungufu, kwa nini? Na je, nianze kupima mimi niliye mzima au dada?

#2 Chalii wa Sanawari

Pole sista. Kadi ya bima ni ya mafua na malaria. Ugonjwa ukiwa na jina refu, uza ng'ombe.

#3 Mtori Moto

#2 usipotoshe watu. Mama yangu alilipiwa upasuaji na dripu zote sita za kemo kwa kadi hiyohiyo. Shida ya mleta uzi ni kipimo cha jeni, hicho ni kitu kingine.

Sista pole, Mungu amsimamie dada.

#4 Dirisha Namba Tatu

Nimekaa dirisha la malipo miaka saba, mahali penyewe nabaki napo moyoni. Ngoja niwaambie kinachotokea upande wa pili wa kioo.

Kadi inasoma orodha tu. Kila huduma ina namba na bei yake, na kisicho na namba mfumo haukipokei hata daktari aandike kwa wino wa dhahabu. Kwa hiyo yule dada aliyekujibu "hakimo" hakuwa na roho mbaya, hana pa kubonyeza. Kinachowezekana ni daktari kuandika barua ya kuomba kibali maalumu, yenye jina kamili la kipimo, ugonjwa wa mgonjwa, historia ya mama na mama mdogo, na sentensi moja inayosema majibu yatabadilisha nini kwenye matibabu. Hiyo sentensi ya mwisho ndiyo huwa inasahaulika. Nimeona barua zimerudi kwa kukosa hiyo tu. Nimeona nyingine zimerudi nayo ikiwemo, sitakudanganya.

Kingine: dirishani usiseme "nataka DNA". Ukisema DNA wote foleni wanageuka, wanajua umekuja na kesi ya mtoto.

#5 Chalii wa Sanawari

Hahaa #4 umenikumbusha. Kwani ile ya mtoto bima inalipa? Naulizia rafiki.

#6 Mtori Moto

Rafiki yako ana watoto wangapi wasiofanana naye?

#7 Kibosho Ughaibuni

Habari za nyumbani. Mimi ni wa Kibosho, niko Minneapolis mwaka wa tisa, kazi yangu kuuguza wazee. Nitajibu hilo la "kwa nini Marekani asiye na bima alipe pungufu", kwa sababu limenikuta mimi mwenyewe tena kwa upande wa kichekesho.

Mama yangu naye aliugua titi, daktari wangu hapa akaagiza kipimo. Bima ninayo, ya kazini. Lakini bima za huku nyingi zina kiwango ambacho kila mwaka unakitoa mfukoni kwanza ndipo wao waanze. Changu ni dola elfu tatu. Nimepima Januari, sijatoa hata mia. Maabara ikapeleka madai kwa bima, bima ikakubali kabisa kwamba kipimo kinahitajika, kisha nikaletewa bili ya zaidi ya dola elfu moja. Kukubaliwa nimekubaliwa, na kulipa ni mimi! Hiyo ni bei waliyopatana wao kwa wao. Napiga simu maabara, mama mmoja mpole ananiambia: ungelipa taslimu bila kutaja bima, ingekuwa mia mbili na hamsini.

Nikakaa kitandani nikacheka.

Halafu mwenzangu kazini akanifumbua macho. Ile sheria yao ya afya ya 2010 inataka bima nyingi zilipie kipimo cha BRCA senti zote, bila wewe kutoa kitu, kama ni mwanamke na historia ya familia inakidhi vigezo. Fomu yangu haikuandikwa historia ya mama, iliandikwa "uchunguzi" tu. Nikakata rufaa, miezi minne ya barua, wakafuta deni.

Kwa hiyo huku kuna watu watatu wamekaa foleni moja kwa kipimo kimoja. Mmoja analipa sifuri, mmoja 250, mmoja elfu na ushee. Na huyo wa elfu ndiye mwenye bima.

#8 Mzee wa Kiborloni

Yaani ni sawa na kuingia mitumbani Kiborloni umevaa tai. Bei inapanda kabla hujafungua mdomo.

#9 Kahawa Chungu

Mnazunguka tu. Haya mambo yana wenyewe. Kuna kampuni Marekani ILIMILIKI hizo jeni, jeni za mwilini mwako, ukitaka kupimwa lazima uwalipe wao. Ndiyo maana yule mwigizaji Angelina Jolie alipotibiwa saratani yake alilalamika bei. Wazungu wanauza mpaka damu yako.

#10 Pipeti

Kahawa Chungu, leo umepatia nusu, tukupongeze. Mimi ni mtu wa maabara, Moshi.

Jolie hakuwa na saratani. Mei 2013 aliandika kwamba amepimwa, ana BRCA1 yenye hitilafu, na akaondoa matiti yote mawili kabla ugonjwa haujaja. Mama yake alifariki na miaka 56. Katika andiko hilo alitaja kwamba kipimo Marekani ni zaidi ya dola 3,000 na kwamba hicho ni kizuizi kwa wanawake wengi. Hapo uko sawa.

Kampuni ni Myriad Genetics, Salt Lake City. Walikuwa na hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, juu ya BRCA1 na BRCA2, kwa hiyo sokoni walikuwa peke yao. Tarehe 13 Juni 2013, mwezi mmoja tu baada ya andiko la Jolie, Mahakama ya Juu ya Marekani ikasema kipande cha DNA kilivyo kwa asili hakiwezi kuwa mali ya mtu. Siku hiyohiyo maabara nyingine zikatangaza kuuza kipimo. Kufika 2015 kampuni ya Color ilikuwa inapima jeni 19 kwa dola 249. Ndiyo hiyo 250 anayoisema wa Kibosho na yule jamaa wa simu wa mleta uzi. Kwa dola ya shilingi 2,500 hivi unaongelea kama 625,000.

#11 Kahawa Chungu

Haya, hataza ilikufa 2013. Ngaramtoni 2025 milioni moja na laki sita inatoka wapi? Madalali.

#12 Pipeti

Madalali wapo, sikatai. Mtu anachukua damu mirija miwili, anaituma, anaongeza chake. Lakini hata bila dalali kuna hesabu. Mashine ya kusoma vinasaba ni kama Costa ya Arusha–Moshi: mafuta ni yaleyale ukibeba mmoja au thelathini. Maabara kubwa ya nje inajaza kila safari. Huku ukimpima mgonjwa mmoja peke yake umechoma kemikali za watu wengi. Na kemikali zenyewe zinaagizwa kwa dola, zinasafiri kwenye baridi, zikikaa uwanja wa ndege wiki moja juani umezimwaga.

Mashine tunazo hapa Kaskazini, kuna taasisi za utafiti Moshi na Arusha zinasoma vinasaba vya vimelea kila siku. Kusoma kwa utafiti na kumpa mgonjwa karatasi ya majibu ya kukatia matiti ni vitu viwili.

#13 Mzee wa Kiborloni

Sasa si Costa isubiri ijae?

#14 Pipeti

Ndiyo inavyosubiri mzee wangu. Ndiyo maana majibu wanakwambia wiki nne.

#15 Mama Wawili

Shikamooni wakubwa. Huwa nasoma tu humu, leo nimeingia kwa sababu ya hili.

Mwanangu wa kwanza, picha za Krismasi, wote macho yametoka mekundu kwa ule mwanga wa simu, yeye jicho moja limetoka jeupe. Bibi yake akasema jicho la paka, akue litaisha. Kuna nesi jirani yetu aliiona picha ile, hakusema kitu, alinishika mkono tu akaniambia kesho asubuhi hospitali ya KCMC, macho. Ilikuwa saratani ya jicho, ile ya watoto. Alikuwa na miaka miwili. Jicho liliondolewa, mtoto yuko hai, yuko darasa la pili sasa na ananisumbua vizuri.

Bima ililipa upasuaji, wodi, dawa. Sina kinyongo hapo.

Sasa nilikuwa na mdogo wake wa miezi mitano. Daktari akanieleza, takriban asilimia arobaini ya hizi saratani za jicho ni za kurithi, kuna jeni inaitwa RB1. Hatujui kama huyu mdogo anayo. Bila kipimo, dawa ni kumchungulia macho kila baada ya wiki kadhaa, na mtoto mchanga hatulii, anachunguliwa kwa usingizi wa dawa. Kila mara unamfungisha usiku, asubuhi analia njaa, unamkabidhi kwa watu wenye mabarakoa, unakaa kwenye benchi. Mara saba nimekaa benchi lile.

Tukaomba kibali cha kipimo cha jeni. Bima yetu (siitaji) ikajibu kwa barua nzuri yenye muhuri kwamba kipimo hicho "hakitibu". Wakaendelea kulipia usingizi. Mara saba! Nilikaa na kikokotoo, zile mara saba zilishapita bei ya kipimo, na ratiba ilikuwa iendelee kwa miaka.

Mwishowe tulikopa vikoba. Damu ya kaka mtu ikapelekwa nje, kosa likaonekana. Sasa sikilizeni hapa wenye bei tofauti tofauti: kwa mdogo hawakusoma jeni nzima tena, walitafuta lile kosa moja tu lililoonekana kwa kaka, na bei ilikuwa kama robo ya ile ya kwanza. Hana. Daktari alichukua kadi yake akakata mstari kwenye tarehe zote zilizobaki.

#16 NdiziMshale

Mama Wawili nimesoma mara mbili. Asante.

#17 Dirisha Namba Tatu

"Hakitibu." Hiyo barua naifahamu, nimeigonga muhuri mara nyingi mno. Samahani kwa niaba ya kioo.

#18 Pipeti

NdiziMshale, jibu la swali lako la mwisho amekupa Mama Wawili. ANZA NA DADA. Kwa sababu mbili.

Ukipimwa wewe mzima na ukaambiwa "hakuna kitu", hujui maana yake. Inawezekana kosa la familia lipo na wewe hukurithi, au familia yenu haina kosa la BRCA kabisa na tatizo liko kwingine. Majibu safi ya mtu asiyeumwa wakati mgonjwa hajapimwa hayana uzito. Dada akikutwa nalo, wewe na kila ndugu wa tumbo moja mna nusu kwa nusu ya kulirithi, na kwenu nyote itatosha kutafuta hilo kosa moja kwa bei ndogo. Maabara nyingine za nje huwapima ndugu bure kabisa wakiwahi ndani ya muda fulani tangu majibu ya kwanza, ulizeni kabla hamjalipa.

Pili, majibu ya dada yanaweza kubadilisha upasuaji wake na dawa zake. Yako hayatambadilishia yeye kitu.

Na usisahau kwamba saratani nyingi za titi si za kurithi. Kwa ujumla zile za kurithi ni asilimia 5 hadi 10. Kwenu historia ndiyo inayomfanya daktari ashtuke.

#19 Mkungu

Mimi nina la kuuliza, kwetu Marangu kansa ya KOO imechukua baba, baba mkubwa, shangazi na jirani. Tupime jeni gani? Bima tunayo ile ya afya ya jamii iliyoboreshwa (CHF), kaya nzima watu sita.

#20 Mtori Moto

Jirani naye kairithi jeni yenu? Mangi, fikiria tena.

#21 Mzee wa Kiborloni

Hiyo ya koo mimi nasema ni chai. Sisi wa mlimani tunakunywa chai inayochemka, ukimpa mtu chai ya vuguvugu anauliza kama umemkasirikia.

#22 Kahawa Chungu

Ni pombe za siku hizi. Mbege ya zamani haikuua mtu.

#23 Pipeti

Mkungu, kwa kansa hiyo ya kwetu ya koo la chakula hakuna kipimo cha kawaida cha jeni cha kupeleka dirishani. Ni ugonjwa uliojaa ukanda huu wa mashariki ya Afrika kuanzia Ethiopia kushuka chini, na Moshi watafiti wameuliza watu mpaka joto la chai wanayokunywa. Wakala wa Kimataifa wa Utafiti wa Saratani mwaka 2016 waliweka vinywaji vya moto kupita nyuzi 65 kwenye kundi la vinavyoelekea kusababisha saratani. Kwa hiyo mzee wa Kiborloni si mjinga. Pombe na tumbaku navyo vimo kwenye mazungumzo. Jirani yako anakunywa chai ileile, maji yaleyale, mbege ileile. Familia kuugua pamoja hakutoshi kusema jeni.

Ukiona dalili ya chakula kukwama, pesa ya kipimo cha jeni ipeleke kwenye kamera ya koo, mapema.

#24 Mkungu

Shangazi hakunywa chai moto wala pombe. Alikuwa mlokole.

#25 Mzee wa Kiborloni

Walokole ndio wanaonyweshana chai wewe.

#26 Chalii wa Sanawari

Hamjanijibu ya rafiki yangu.

#27 Dirisha Namba Tatu

Bima haigusi. Hiyo si huduma ya ugonjwa. Mpeleke rafiki yako kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, wana ofisi ya kanda hapahapa Arusha, na asiende mikono mitupu. Kuna Sheria ya Vinasaba vya Binadamu ya 2009, haiwezi mtu kukata kucha za mtoto usiku akazipeleka kwenye bahasha. Lazima ombi lipitie kwa wanaotambuliwa: mahakama, polisi, ustawi wa jamii, wakili. Na kila anayepimwa analipiwa kichwa chake: baba, mama, mtoto.

#28 Chalii wa Sanawari

Kumbe lazima na mama ajue? Rafiki amesema basi, anampenda mtoto hivyohivyo.

#29 Bi Saumu 83

Jamani mimi mtoto wangu alipimwa sikoseli Moshi, kipimo cha jeni, na hatukulipa mamilioni. Labda mnaibiwa tu.

#30 Pipeti

Dada Saumu, sikoseli ni ugonjwa wa kurithi kweli, na nchi hii inapata watoto takriban 11,000 kila mwaka wanaozaliwa nao. Ila kipimo alichofanyiwa mtoto kinaangalia aina ya hemoglobini, ile protini ndani ya chembe nyekundu, hakisomi DNA. Ndiyo maana ni rahisi. Vilevile wengi wanachanganya: TB ile mashine ya Xpert inasoma vinasaba vya mdudu, watoto wa mama wenye VVU wanapimwa vinasaba vya kirusi, na vyote hivyo mgonjwa halipi kwa sababu miradi inabeba. Na dada wa mleta uzi akipimwa HER2, hiyo ni ya kinyama cha uvimbe, haisemi chochote kuhusu watoto. Dirishani yote yanaitwa "vipimo vikubwa".

#31 Rombo Juu

Nyongeza kwa Pipeti. Baba yangu ana saratani ya damu ile ya pole pole, CML. Kidonge chake kinaitwa imatinib, kimekuwepo tangu 2001, na anapewa BURE kupitia mpango wa The Max Foundation, mwaka wa sita huu, analima kahawa yake. Ila ili uingie kwenye mpango lazima uwe na karatasi ya kipimo cha jeni kinachoonyesha ile hitilafu, BCR-ABL. Bila karatasi hakuna kidonge. Kipimo tulilipa sisi, nauli ya Dar tulilipa sisi, na wiki tatu za kusubiri baba anajaa bandama ndizo sitazisahau. Nilijiuliza sana, dawa ya maisha yote inatolewa bure na mlango wake unalipiwa.

#32 Kahawa Chungu

Hapo ndipo mnanielewa. Mtu hakupi dawa bure bila sababu.

#33 Rombo Juu

Sababu yoyote waliyo nayo, baba yu hai. Naomba uishie hapo mkuu.

#34 Meku wa Unga Limited

Swali la kishetani. Dada akikutwa na hiyo jeni, bima wakajua, si ndiyo wanamfukuza? Au mabinti wa mleta uzi kesho wanaomba bima ya maisha wanaambiwa nyie ni wagonjwa watarajiwa.

#35 Kibosho Ughaibuni

Huku kuna sheria ya 2008, inaitwa GINA. Bima ya afya na mwajiri hawaruhusiwi kukubagua kwa jeni. Ila bima ya MAISHA haimo, wanaweza kukuuliza. Mimi nilikata bima ya maisha kwanza ndipo nikapima. Mjanja mmoja alinishauri.

#36 Mchaga wa Leeds

Uingereza kipimo chenyewe hulipi ukikidhi vigezo vya NHS, huduma ya afya ya serikali. Usipokidhi unajitegemea kama mtu wa Ngaramtoni. Kuhusu bima ya maisha, kampuni zimekubaliana na serikali kwamba majibu ya kipimo cha kutabiri wanaruhusiwa kuyauliza kwa ugonjwa mmoja tu, wa Huntington (ugonjwa wa ubongo wa kurithi), tena kwa bima inayozidi pauni 500,000. BRCA ya mtu asiyeumwa hawaulizi. Historia ya familia wanaiuliza, kwa hiyo mama aliyekufa na 44 anakuandama hata usipopima.

#37 Wakili Mstaafu

Kwetu ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, inahesabu taarifa za vinasaba kuwa taarifa nyeti. Inazuia kuzisambaza hovyo. Kwamba bima hawezi kukuuliza na wewe ukajibu mwenyewe kwenye fomu, hilo ni jambo jingine.

#38 Chalii wa Sanawari

Mimi nabeba watalii. Kuna mzee alipima kwa kutema mate kwenye kichupa cha posta, akaniambia njia nzima kuelekea Ngorongoro kwamba ana asilimia mbili za Afrika Mashariki.

#39 Mtori Moto

Alitaka alipe getini bei ya mzawa?

#40 Chalii wa Sanawari

Alilijaribu aisee! Askari alimwambia aje na hizo asilimia tisini na nane nyingine.

#41 Mchaga wa Leeds

Hao wa mate ni kama kampuni ya 23andMe, Machi 2025 waliomba kinga ya kufilisika, na 2023 walishaibiwa taarifa za watu karibu milioni 7. Mleta uzi, yule jamaa wako wa dola 250 kwa simu, muulize damu inaenda maabara gani, jina na nchi. Akisitasita achana naye. Na Invitae waliokuwa maarufu kwa hiyo 250 nao walifilisika 2024 wakanunuliwa na Labcorp. Bei ya chini kiasi hicho labda ilikuwa inawala wenyewe.

#42 Mwanamaombi

Kwa heshima zote, kwa nini kujitafutia hofu? Ukijua una jeni utafanya nini, utaikata? Wazee wetu waliishi bila kujua. Tumuombee dada.

#43 Mama Wawili

Mwanamaombi, mimi niliomba kwenye lile benchi mara saba. Naomba hata sasa. Kujua ndiko kulikomtoa mwanangu kwenye benchi.

#44 Mtori Moto

Lakini Mwanamaombi ana pointi moja mimi sitaidharau. Mkiambiwa mtu asiyeumwa ana BRCA1 yenye hitilafu, kinachofuata ni nini? Kuchunguzwa kila mwaka kwa MRI ya matiti. MRI ina bei yake, na hapo bima itakuuliza tena, "unaumwa nini?" Huumwi. Au kuondoa matiti na mifuko ya mayai ukiwa huumwi. Nani atalipia kumpasua mtu asiyeumwa? Kipimo ni laki, yanayofuata ndiyo mamilioni. Hilo Marekani na Leeds mnalipata, sisi tunapata karatasi.

#45 Pipeti

Kweli tupu. Na mnaweza hata msipate karatasi yenye neno la wazi. Kuna majibu yanarudi "badiliko lisilojulikana maana yake". Kwa watu wenye asili ya Afrika hayo yanatokea zaidi, kwa sababu kumbukumbu za kulinganishia zimejaa Wazungu. Umelipa bei ileile, unapewa alama ya kuuliza. Likirudi hivyo, kusikatwe kitu kwa sababu yake.

#46 Kahawa Chungu

Mwone sasa. Unalipa kwa dola ili uambiwe "hatujui wewe ni nani".

#47 Meku wa Unga Limited

Bima ya afya kwa wote ikishika, sheria ya 2023 ile, vipimo kama hivi si vitaingia?

#48 Dirisha Namba Tatu

Sheria ni ya kila mtu awe na kadi. Mimi naangalia orodha. Ikiingia namba nitawaambia humuhumu.

#49 NdiziMshale

Nimerudi. Wiki imekuwa ndefu.

Daktari ameandika barua kama alivyosema Dirisha Namba Tatu, na ile sentensi ipo: majibu yataamua kama ni titi moja au yote mawili. Tumeipeleka. Wamesema tusubiri, hawakusema mpaka lini. Upasuaji hausubiri, kwa hiyo tumelipa wenyewe, ile ya laki tisa, baada ya kuuliza jina la maabara na nchi wakajibu vyote bila kusita. Yule wa milioni na laki sita nilipomuuliza alisema "ng'ambo". Wa dola 250 hajapokea simu tangu Jumanne.

Pesa: kaka ametoa laki tatu, mimi laki mbili, kundi la familia la WhatsApp limefika laki tatu na sabini. Mjomba mmoja aliandika kwamba harusi ya mwezi wa kumi na mbili ina kamati tayari na watu wasichoke kuchangia. Shangazi akamjibu kwa Kichaga, siwezi kutafsiri hapa.

Mimi sijapima. Nasubiri dada.

#50 Pipeti

Majibu yakitoka ombeni karatasi yote, siyo "ana" au "hana" tu. Iwe na jina la jeni na maandishi marefu ya lile badiliko, yenye herufi na tarakimu. Bila hayo, wewe na mabinti mtasomewa jeni nzima upya kwa bei nzima. Ipigeni picha, itumeni kwa watu wawili.

#51 NdiziMshale

Nimeandika. Shukrani.

#52 Mkungu

Na mimi leo nimenunua kipimajoto cha jikoni, cha chai. Nyuzi 81. Mama amenitazama kama nimerogwa.

#53 Mzee wa Kiborloni

Umemkasirikia nini?